Mama, Safu ya Tatu

Taa zilipozimwa, mama hakuzimika.
"Meza ile haikuwa upande huo," akasema,
kwa sauti anayoiita kunong'ona,
na ukumbi mzima ukageuka.

Nilikuwa nyuma ya pazia, mtu wa miaka arobaini na moja,
nikitafuna kucha kama nilivyozitafuna
katika chumba chetu cha uani, Villa Crespo,
cherehani ya baba ikiushona usiku kwenye asubuhi.

Jukwaani nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Yaani kijana fulani mwenye chunusi za rangi,
aliyelipwa awe mimi,
alikariri Torati mbele ya kabati la vyombo,
sauti ikimvunjika katikati ya aya,
mara fahali, mara kifaranga,
na shangazi Zlata, mjane aliyelala kwetu
nyuma ya shuka lililotundikwa kwa pini,
akimsahihisha Kiebrania asichokijua.
Watu walicheka.
Nikavihesabu vicheko kama mchuuzi na peso zake.

"Zlata hakuwa mnene hivyo.
Na supu ile ni maji. Nani kaipika?"
Bwana mmoja wa safu ya nne akaangua kicheko
ambacho hakuna mstari wangu uliowahi kukipata.

Ikaja habari ya mkebe.
Mkebe wa bati wa kuchangia wagonjwa, kwenye rafu ya unga:
nilidokoa sarafu mbili, nikaenda sinema
kumwona mwanamke akivua glavu.
Glavu moja! Nikauota mkono ule hadi Pasaka.
Kweli yenyewe ni kwamba baba alijua,
akanyamaza siku tatu,
akitoboa matundu ya vifungo kwenye makoti ya watu,
asiniangalie hata nilipompelekea chai.

Kichekesho hakibebi ukimya wa siku tatu.
Kwa hiyo nilimpa baba wa jukwaani mkate wa Sabato,
uliosukwa kama nywele za msichana,
akanikimbiza nao kuizunguka meza
(meza ya upande usio wake)
mpaka ukakatika, nasi sote tukaula.

Na nikampa sentensi.
Baba halisi, Motl Grinshteyn, hakuwahi kuisema,
wala kwa Kiyidi, alichotukania,
wala kwa Kihispania, alichomwekea mwenye nyumba.
Mwigizaji akaketi, akapangusa makombo ndevuni,
akasema: "Mwanangu, ninakuona."

Nikamngoja mama.
Ukumbi nao ukamngoja, walishamzoea.
Kwenye upenyo wa pazia nikaiona kofia yake ya bluu,
ile ya harusi za watu,
imetulia tuli.
Hakusema kitu.

Baada ya makofi aliingia nyuma ya jukwaa bila kubisha.
Akampita mwandishi, yaani mimi,
akaenda moja kwa moja kwa yule baba wa kukodi,
akamfunga kifungo cha kizibao, cha pili kutoka juu,
ambacho yule wetu, aliyewatobolea matundu nusu ya mji,
aliishi na kufa bila kukifunga.

Kisha akanigeukia na orodha yake.
Meza. Supu. Unene wa Zlata. Mlango ulikuwa wa kijani.
Na nani kawaambia watu kwamba unatafuna kucha?
Aibu hiyo ni ya nyumbani.
"Na ile sentensi?" nikauliza.
Akatafuta kitu mkobani, akakikosa, akaufunga.
"Ile iache. Alikaribia kuisema."
"Lini?"
"Mara nyingi. Mimi ndiye niliyelala naye.
Wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta,
unaandika mabaya."

Kesho yake alileta sufuria.
Wiki sita, kila onyesho, supu ya kweli, yenye mafuta juu,
na yule kijana wa chunusi
akawa anasahau maneno yangu, kinywa kimejaa,
watu wakicheka,
na mama, safu ya tatu, akimwambia
ameze kwanza.