Kona Hamsini na Saba

Isyonje tuligawa mizigo kwa mizani ya muuza viazi:
kwake hema, sufuria, mafuta ya taa lita moja;
kwangu mchele, mablanketi mawili,
na kamba ambayo hatukuja kuihitaji.
Subilaga akauinua wangu, akaushusha,
akachomoa blanketi moja bila kunitazama.
Ndivyo alivyo. Ndivyo alivyokuwa pia
mwaka ule wa viazi.

Tukapanda.
Mianzi ikatuacha, kisha miti ikatuacha,
yakabaki majani na upepo unaoyachana,
na pumzi zetu, fupi kama mkia wa mbuzi.
Huko juu hewa hupimwa kwa kibaba:
ukinunua neno, hatua inapungua.
Tukanyimana maneno kama wachoyo.
"Maji."
"Shika."
"Jiwe."
Nilihesabu: toka saa nne hadi saa nane
alisema maneno kumi na moja,
na hakuna hata moja lililonichoma.

Kitulo ilikuwa na maua, ndiyo,
ya njano, ya zambarau, mengine meupe yenye madoa
kama uso wa mtoto aliyepona tetekuwanga.
Kulikuwa pia na mashimo madogo
walipopita wachimba chikanda.
Subilaga alichuchumaa kando ya shimo moja,
akalifukia kwa kiganja, taratibu,
kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Usiku sakitu iliparua hema.
Kichwa kilinidunda hadi kwenye meno.
Kule maji hutokota upesi
lakini hayaivishi kitu;
tulitafuna wali wenye kiini, tukasifu chumvi.
Mablanketi mawili, watu wawili,
mgongo kwa mgongo, kama bwenini Loleza
kidato cha pili, mvua ikipiga bati.
Nilijua yu macho. Alijua ninajua.
Laki saba na nusu zililala katikati yetu
bila kuvuta blanketi.

Kisha Matamba, kisha mteremko:
kona hamsini na saba hadi Chimala,
na Usangu kule chini, kahawia, pana,
ikifuka moshi wa mashamba.
Kona ya kumi, masikio yakazibuka.
Kona ya ishirini, Subilaga akacheka peke yake.
Ya thelathini, tukavua masweta,
tukaanza kumsengenya mume wa dada yake
anayepaka rangi mvi za ndevu na kusahau za kichwani.
Hewa ilirudi kwa debe, maneno yakarudi nayo,
mengi, ya bure, yasiyochaguliwa.
Kona ya arobaini na moja
nikausikia mdomo wangu ukiuliza:
"Hivi vile viazi, kweli vilioza vyote?"

Akasimama.
Lori la mbao likatupita, likinuka breki.

"Nusu," akasema. "Vilioza nusu."

Kona kumi na sita zilizobaki
hatukusema kitu,
ingawa hewa ilikuwepo tele, ya kumwaga.

Chimala: joto, inzi, makondakta wakigombea mabegi yetu.
Alitua mzigo ukutani, akachambua noti zake,
akanunua mahindi mawili ya kuchoma,
akanipa lile kubwa.

Nikalipima mkononi.
Nikala.