Jina la Mbuzi

Temeke, chumba cha picha, mashine ililisoma pafu la mama
ikaona doa dogo, punje ya ulezi,
ambalo macho ya daktari, yaliyokesha, yaliliruka.
Miezi sita ya vidonge. Akarudi Mbagala kwenye vitumbua vyake.
Nikasema ahsante, hata kwa kitu kisicho na masikio.

Wiki ya Idi akapigiwa simu.
Sauti yangu: kigugumizi changu kwenye "p",
kicheko cha puani,
ninavyolivuta "maamaa" nikiwa na shida.
Sijui waliichota wapi. Labda kwenye salamu za kikundi cha ukoo.
"Nimekamatwa. Tuma kwa namba hii."
Akatuma laki tatu na nusu, akiba ya bati.

Mimi nilikuwa Tegeta, nimelala.

Sasa nikipiga, hanisalimii.
"Kondo, kama ni Kondo,
mbuzi wetu aliyekufa mwaka wa mafuriko, aliitwaje?"

Nasita. Nilikuwa mdogo. P... p...
Upande wa pili mafuta yanachemka.

"Yule mwizi angebuni jina papo hapo," anasema.
"Wewe tangu zamani hukumbuki kitu.
Haya, mwanangu. Umeshakula?"