Umerudi

Tangu alfajiri Tabata haikuwa na umeme.
Kinyozi wa kona amekaa nje, mashine mapajani,
muuza samaki anagawa barafu kwa majirani
kabla haijawa maji.
Fundi Ndunguru akatazama juu, akafyonza,
akaniuliza, "Na hizo nyaya, Kibwana?"
Nikamjibu, "Mgao. Zimelala. Pandisha."

Maneno matatu.
Nimeyahesabu usiku mwingi,
hayazidi, hayapungui.

Ghorofa la Mzee Lyatuu lilichungulia barabarani
kama jirani mmbea.
Ile X nyekundu waliyomchorea watu wa njia ya umeme
tuliipiga lipu wenyewe, mimi na Shaweji,
nikalipwa elfu kumi na tano, nikanunua unga.
Ukisimama ukingoni mwa zege la pili
waya wa kwanza ungeweza kuuanikia shati.

Mara mbili ncha ya nondo iliugusa.
Ikalia ting, kijiko kwenye glasi ya chai.
Tukacheka.
Shaweji akaugusa tena makusudi
ili tucheke tena.

Kunguru walikuwa palepale, safu nzima, wanajikuna.
Watu huuliza, mbona wao hawafi?
Kunguru akiwa juu hana deni na ardhi.
Sisi tumesimama kwenye udongo mbichi wa vuli,
miguu imeloa,
na udongo haujawahi kusamehe deni.

Adhuhuri muadhini aliadhini bila kipaza sauti,
kwa koo lake tu, koo la mtu mwenye mafua.
Nondo ya kumi na tisa, milimita kumi na sita,
Shaweji juu anavuta, mimi chini nasukuma.
Jasho likaniingia jichoni.
Nikaachia, nijifute.
Ni hilo tu. Si busara, si malaika,
si dua ya mzazi wangu.
Chumvi kwenye jicho.

Na mtaa mzima ukalipuka kwa furaha,
watoto, kinyozi, redio kumi kwa mpigo:
"Umeruuudi!"

Waliotusikia tukipiga ukelele
walidhani na sisi tunashangilia.

Kandambili yake moja ilibaki kule juu,
imeyeyuka, imeshikana na zege.
Tulijaribu kwa patasi, ikakataa.
Mzee Lyatuu akaweka vigae.
Sasa kuna wapangaji, nasikia,
na meza ya kulia chakula.

Mama yake, Bi Sikudhani, alikuja kutoka Vingunguti
na leso kichwani imefungwa upande.
Akauliza, "Nani alikuwa naye?"
Nikasema, "Mimi, nilikuwa chini."
Hakunitazama usoni, alinitazama viganja.
Hakuuliza nani alisema pandisha.
Mimi sikumwambia,
na hapa ndipo ninapomwambia, asiposoma.

Siku hizi natembea na ufito wa mita tatu.
Nikifika kazini, kabla sijavua shati,
naupima kwa macho dhidi ya anga.
Usipotosha mara mbili, sipandi, wala simpandishi mtu.
Vijana wananiita Mzee Fimbo.
Goba nilifukuzwa, Kinyerezi nilifukuzwa,
Mbezi aliyeniajiri alisema nina mkosi.
Nawaambia, waya haulali, unanyamaza tu,
na aliyenyamaza huwezi kujua ataamka kwa nani.
Wengine husikiliza. Wengine wana kodi ya nyumba.

Nyumbani, Gongo la Mboto, unakatika kila juma.
Tunakula kwa mwanga wa simu.
Ukirudi, binti yangu Mwanaidi huruka juu ya mkeka,
"Umerudi! Baba, umerudi!"
Feni inaanza kukohoa vumbi.
Na mimi, kabla sijafikiri, naachia nilichoshika.

Vikombe vinne mpaka sasa.
Mke wangu hakusema kitu.
Alinunua vya plastiki.