Nusu Ampea

Tundu la yu-es-bi lina volti tano
na adabu yake: omba nusu ampea, usipore.
Nikaweka rezista ya kilo-omu mbili
ubavuni mwa chipu ndogo kuliko punje ya mchele,
nikalehemu, hapa Mwanjelwa, mvua ikipiga bati.
Ikifika nne nukta mbili, ikome;
hata tumbo lina kipimo.
Nikasema, imekwisha.

Taa ikapanda Makete kwa mama Lwidiko,
ya kukamulia ng'ombe alfajiri.

Juni akanipigia:
"Fundi, taa yako ina matumbwitumbwi."

Akaileta mwenyewe, kitengeni, shavu limevimba kweli.
Mnaichaji wapi?
"Dirishani. Ndipo waya unapofika."
Lini?
"Usiku. Mchana nitaiacha na nani?"
Na huko nje?
"Nje nyasi zinaamka nyeupe.
Ukizikanyaga, zinavunjika."

Iko kwenye karatasi za kiwanda, ukurasa wa nane:
chini ya sifuri, usichaji.
Niliuruka. Nilidhani sifuri
ni habari ya Ulaya.

Nikachora upya.
Thamista, kitone cheusi chenye miguu miwili ya nywele,
nikakilaza kwenye mbavu za betri mpya
kama mkono wa mama kwenye paji la mtoto.
Betri ikiganda, chipu inafunga mlango;
umeme unangoja kizingitini
hadi jua la saa tatu liguse kioo.

Debe la viazi aliloniletea
bado liko chini ya meza.
Vina udongo mweusi wa kule.
Sijaviosha.