Ruhusa ya Saa Tatu

Mama, waniuliza Ulaya kukoje,
na Kibokoni nzima imetega sikio dirishani.
Ngoja nivue viatu.

Tulitoka Kilindini na makasha ya chai na maparachichi,
mimi chini kwenye mitambo, kazi yangu kupaka mafuta.
Sikuiona Likoni ikibaki nyuma,
wala mnara wa taa wa Ras Serani.
Nilijua tumeondoka kwa mlio tu:
injini ilibadili sauti
kama mtu aliyechoka kunong'ona.

Siku ishirini na sita.
Suez niliipita nimelala.
Bahari ya Kati niliijua kwa tumbo.
Kisha bahari ikaisha, nasi hatujafika:
meli iliingia mtoni, ikapanda, ikapanda,
na nilipotoka kuvuta pumzi nikaona ng'ombe.
Ng'ombe, mama, weusi kwa weupe, wanene kama makabati,
nami juu yao, juu ya majani yao,
nimesimama kwenye nyumba ya chuma inayotembea.
Hata mmoja hakuinua kichwa.

Antwerp ina winchi nyingi kuliko minazi ya Mtwapa.
Nahodha akanipa ruhusa ya saa tatu.
Ya kwanza iliishia getini,
nikitafutwa kwenye karatasi: Shekuwe Famau,
walilitamka kama watu wanaotoa mwiba wa samaki kinywani.
Ya pili nilitembea kando ya wavu wa chuma.
Mji uko kule, minara yake naiona,
kama pilau ya jirani:
harufu yaingia, sahani haiji.
Ya tatu niliingia duka la mabaharia,
nikakununulia sabuni hii,
na kwenye rafu, kati ya soksi na biskuti,
pakiti ya chai. Nikaigeuza.
Nyuma, kwa herufi za sisimizi: Kenya.

Nilicheka peke yangu hadi muuza duka akautazama mlango.
Nilikuwa nikiwaza ghala la Shimanzi,
vumbi lile la chai kwenye nyusi zako,
kikohozi ulichorudi nacho kila magharibi.
Huko ilikokwenda, mama, ilifika.
Ilipita getini bila kuulizwa jina.

Basi wakikuuliza, waambie kuna baridi.
Waambie kuna ng'ombe.

Pakiti ile nimeirudisha, iko chini ya shati.
Teleka maji.
Na wewe Bi Mwanatumu hapo dirishani,
ingia tu, mlango u wazi.