Chini Kidogo ya La

Sauti zilikuwa sita, daftari moja,
na daftari nililishika mimi,
Nyanzobe, alto, mweka hazina, mdaiwa wa chai.
Ukurasa wa kwanza unasema:
Isamilo, Januari themanini na nane.
Kinanda kimeliwa na mchwa mpaka pedali.
Tumeimba hivyo hivyo.

Hivyo hivyo! Ndiyo historia yetu.
Lugwisha, besi, fundi friji wa Igogo,
alikuwa na maelezo yake:
"Ala ni mchuzi. Sisi ni wali mkavu,
usipoiva, kila mtu atajua."

Padre aliyestaafu alituachia uma wa chuma,
ule wa kugonga gotini na kuusogeza sikioni,
nao hujibu neno moja maisha yake yote: La.
Tulicheka sana. Chombo kinachokataa kila ukikigonga.
Lakini juu ya kukataa huko tulijenga:
Kashinje kileleni, mkunga wa Bugando,
anayeshika noti ya juu kama anavyoshika kichwa cha mtoto,
Masalu na mimi chini ya kwapa lake,
Mafuru na Rweikiza wakigombea pumzi,
moteti za Kilatini kwenye karatasi ya karboni,
d, r, m, s, zimefifia
hata tukawa tunasoma kwa kukumbuka.

Malipo ya kwanza, ukurasa wa tisa:
mazishi ya tajiri wa sangara, Kirumba,
elfu sita taslimu na debe la mchele.
Kwenye ngazi za kurudi Mafuru akasimama.
"Kumbe hii ni kazi," akasema.
"Kaka zangu wanapaki minofu kiwandani,
hakuna anayewaomba wapaki kwa kumpenda Mungu."
Tangu siku hiyo tulitaja bei kwanza,
ndipo tukakohoa.

Tisini na tatu, tukivuka kwenda harusini Sengerema,
Rweikiza aliugonga uma kwenye reli ya kivuko
ili muuza karanga amtazame.
Ukamponyoka.
Nadhani uliendelea kusema La mpaka kwenye tope.
Tulitazamana. Kivuko kikapiga honi.
Kashinje akafumba macho, akaipokea,
akatugawia kila mtu fungu lake.

Ilikuwa chini kidogo.
Kidogo tu, upana wa ukucha wa kichanga.
Tukaishi humo miaka kumi na minane.

Nairobi, mwamuzi mwenye miwani ya kamba aliandika:
Mnaoana ajabu, ila nyote mko chini.
Lugwisha akainuka kwa adabu:
"Si sisi, mheshimiwa. Ni ziwa."
Tulishika nafasi ya nne. Nauli ya kurudi nilikopa.

Kashinje alipofariki hatukutafuta mtu.
Mwaka mzima tuliimba watano
na mstari wake tukauachia nafasi, pumzi kwa pumzi,
kama sahani inayofunikwa kwa ajili ya anayechelewa.
Wasikilizaji walipiga makofi. Hawakujua.
Alijua Holo, mkata tiketi wa kivukoni,
aliyebisha hodi Alhamisi moja akiwa na sare
akauimba mstari ule wote, bila karatasi.
Nani kakufundisha?
"Hakuna. Nilikuwa naisikia haipo."

Halafu kikaja kivuko kipya, cheupe,
na honi yake iko juu, sahihi kabisa;
Masalu alipima kwa simu.
Tuliyosemezana hayamo daftarini.
Kuna mstari mmoja tu: Leo hatukuimba.
Chini yake, wiki tatu, doa la chai.

Ukurasa wa mwisho nilioandika:
Honi ya kivuko cha zamani, chuma chakavu, moja, elfu arobaini.
Kompresa ya friji, mali ya Lugwisha.
Aliifunga mwenyewe, kwa waya na matusi,
nyuma ya chumba cha mazoezi.

Kila Alhamisi, saa kumi na moja jioni,
majirani wa Isamilo hufunga madirisha.
Kisha huyafungua.