Tumbo la Chupa

Mfuko umeandikwa: protini ishirini na nane kwa mia.
Aliyeushona ni Nandonde wa Chikongola:
vichwa vya samaki, mashudu ya ufuta,
na kitu cha tatu anachokiita siri ya biashara.

Zamani tungewafungia mbwa watano vizimbani
siku kumi, tukipima kinachoingia mdomoni
na alfajiri, kwa kijiko cha bati, kinachotoka.
Nilikuwa mgeni kazini. Kijiko kilikuwa changu.
Mmoja, jina lake Hayawahusu,
alinitazama kila nilipoinama
kama mtu anayenidai.

Siku hizi nina tumbo la chupa.
Asidi kidogo, pepsini ya kubana kwa vidole viwili,
joto la mwili wa mbwa, nyuzi thelathini na tisa,
na mashine inayotikisa polepole
usiku kucha, bila kubweka, bila njaa.
Umeme ukikatika Mtwara, tumbo langu linapoa.
Wiki hii nimeanza upya mara mbili.

Asubuhi nachuja.
Kilichoyeyuka kimepita. Kilichogoma kimelala
juu ya karatasi, kijivu, chenye nyuzinyuzi.
Nakisogeza chini ya darubini:
manyoya.
Manyoya ya kuku, yamesagwa yakawa unga.

Maana naitrojeni ni naitrojeni tu:
ukwato unayo, unyoya unayo,
kiatu cha ngozi kinayo,
na ile hesabu yetu, zidisha kwa sita na robo,
haitofautishi mnofu na soli.
Nusu ya ishirini na nane yake
itapita ndani ya mbwa
kama mgeni aliyekataa kuketi.

Nampelekea karatasi. Anaisoma amesimama,
anacheka: "Mbona mbwa hawajalalamika?"
Kweli, hawajalalamika.
Pale ghala la korosho wanakula mpaka bakuli linang'aa,
mikia inapiga vumbi,
na mbavu zao nazihesabu nikiwa getini.

Nimerudi kujaza fomu.
Inayosagika tumboni: arobaini na tisa kwa mia.
Mpimaji: Somoe Chitanda, fundi sanifu maabara.
Kwenye nafasi ya maoni
kalamu ikaandika yenyewe jina la yule mbwa,
Hayawahusu.
Nikalikata kwa mstari mmoja.
Juu yake, kwa herufi za kubanana, nikaandika:
Yanawahusu.